Kesi ya Mjusi wa Tendaguru Inaanzia 1905

Kila habari za mjusi wa Tendaguru zinapoibuka, Lindi hugawanyika. Wako wanaotaka arudishwe nyumbani, mfupa kwa mfupa, na wako wanaosema abaki huko huko Berlin ila viingilio vya makumbusho tugawane. Wabunge wa Kusini wameliuliza bungeni zaidi ya mara moja, mawaziri wamejibu kwa namna zao, na mitandaoni watu wa mikoa mingine hutucheka kwamba tunagombea mifupa. Mimi ugomvi wangu uko kwenye tarehe. Mjadala wote huanzia 1909, mwaka ambao Wajerumani walipiga kambi pale kilimani na kuanza kuchimba. Kwa hesabu yangu kesi hii inaanza miaka 4 kabla, na mlalamikaji wa kwanza si mjusi.

Kwa wasiomjua, nimweleze kidogo. Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kama kilomita 60 hivi. Mwaka 1906 mhandisi mmoja wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuwa akizunguka huko kutafuta madini ndipo akakuta mfupa mkubwa umechomoza ardhini. Mwaka uliofuata akaja profesa Eberhard Fraas, akathibitisha kwamba ile ni mifupa ya dinosaria. Berlin wakatuma msafara, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig na baadaye Hans Reck, ukachimba kuanzia 1909 hadi 1913. Walichosafirisha kilizidi tani 200. Mmoja kati ya wale mijusi amesimama kwenye makumbusho ya Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, na mpaka leo hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayomzidi kimo.

Tani 200. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari kutoka Tendaguru hadi pwani, na punda na ng'ombe hawadumu kwenye nchi ya mbung'o. Kwa hiyo yote ile iliteremka Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku 3 hadi 4, wakipokezana na kurudi tena. Kazi iliposhamiri, watu wapatao 500 walikuwa wakichimba na kubeba, wengi wakiwa wamehamia kambini na wake na watoto. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja, na ambaye Waingereza walipokuja nao kuchimba miaka ya 1920 walimtafuta yeye yeye.

Swali ambalo sijawahi kulisikia bungeni wala barazani ni hili: watu 500 hao walitoka wapi, na kwa nini walikuwa tayari?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmwera wa upande wa Rondo. Yeye hakuwa akisema "Vita vya Majimaji". Alisema "ile njaa", kama mtu anayetaja jirani anayejulikana na kila mtu, na ukimuuliza njaa ipi anakushangaa. Hakuiona kwa macho, alizaliwa baadaye sana, lakini mama yake aliiona. Shuleni tulifundishwa Majimaji kama vita: sababu zake, viongozi wake, kwa nini tulishindwa, alama ngapi. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba bibi na mwalimu walikuwa wakizungumzia kitu kimoja, na kwamba kati ya wawili hao bibi ndiye alikuwa karibu zaidi na kiini chake.

Wajerumani hawakuikuta Kusini ikiwa pepo. Kilwa, Lindi na Mikindani zilikuwa bandari za Sultani wa Unguja, na kilichopita hapo kwa wingi kwa miaka mingi ni pembe na watu waliotekwa bara. Tunapenda kuruka sehemu hiyo. Mji mkongwe wa Mikindani, ambao leo tunaupiga picha kwa milango yake, ulijengwa kwa fedha hizo pia. Nalisema kwa sababu Wajerumani walilitumia sana neno utumwa kuhalalisha kuingia kwao, na bado wapo wanaolitumia kuwatetea.

Waliingia kwa karatasi kwanza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara wakamwachia Sultani ukanda wa maili 10 wa pwani, kisha 1888 huo nao akaukodisha kwa kampuni ya Wajerumani. Agosti mwaka huo kampuni ikaanza kupandisha bendera yake katika miji ya pwani. Kaskazini akasimama Abushiri bin Salim wa Pangani, na huyo vitabu vinamtaja. Wanachokitaja kwa sentensi moja tu ni kwamba Kusini mambo yalikwisha mapema zaidi: Septemba watu waliteremka kutoka bara wakajazana mijini, Kilwa maofisa wawili wa kampuni wakauawa, na wa Lindi na Mikindani wakakimbilia baharini. Kwa karibu miaka miwili pwani yetu haikuwa na Mjerumani. Ndipo Hermann von Wissmann, akiwa na askari wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji, akairudia kwa mizinga na kuiteka Mei 1890. Boma la Mikindani lilijengwa 1895. Sasa ni hoteli, na nzuri kusema kweli.

Bara lilikuwa suala jingine. Juu kwenye uwanda wa Makonde, Luagala, alikaa Machemba, Myao, na Wissmann alipomtaka ashuke pwani kujisalimisha alimjibu kwa barua ya Kiswahili ambayo nadhani ingestahili kubandikwa kila darasa la Newala na Tandahimba. Alisema kwamba ameyasikia maneno, ila haoni sababu ya kutii. Kwamba kama ni urafiki yuko tayari leo na siku zote, lakini kuwa mtu wa mtu mwingine hapana. Kwamba wote wawili ni viumbe wa Mungu, kila mmoja ni sultani kwenye nchi yake. Alipambana nao na kusuluhishana nao kwa vipindi hadi kodi ya nyumba ilipoanza 1898. Hiyo hakuikubali. Mwaka 1899 walimwendea na jeshi, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Ukisoma haraka, unaweza kudhani hapo ndipo Kusini ilipotekwa. Mimi nadhani hapo walikuwa wameteka barabara na maboma tu. Mtu wa kijijini alikuwa bado ana shamba lake, ghala lake, na msitu wa kukimbilia. Kodi ilikusudiwa kumtoa humo, maana kodi ilitaka fedha na fedha zilikuwa kwa mzungu. Alipochelewa kutoka, ikaja pamba.

Kuanzia 1902 gavana Götzen aliagiza mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Kila mtu mzima alitakiwa siku 28 kwa mwaka, kwenye karatasi. Shambani zilikuwa nyingi zaidi, zilikuwa za msimu ule ule wa kulima chakula, na akida aliyesimamia alikuwa na kiboko mkononi. Akida huyo mara nyingi alikuwa mtu wa pwani, anayesema Kiswahili kama mimi. Malipo yalipotoka yalikuwa kidogo hivi kwamba wapo waliokataa kuyapokea. Ndiyo maana vita ilipoanza Julai 1905, kule Nandete kwenye vilima vya Matumbi, kitendo cha kwanza kilikuwa kung'oa miche ya pamba.

Sitaielezea vita yote. Kinjikitile na maji yake ya Ngarambe kila mtu anayajua, na wapo wanaoyaeleza kwa dharau kana kwamba watu wa maelfu ya kilomita za mraba waliunganishwa na ujinga. Niseme tu ya upande wetu. Boma la Liwale liliteketezwa. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, wamisionari wa Masasi wakakimbia hadi Lindi, na Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani na wenzake 4 karibu na Liwale, Agosti 14. Wangindo na Wamwera waliingia vitani. Matola wa Newala na Nakaam wa Chiwata walibaki upande wa Wajerumani. Majina hayo mawili bado yanaweza kuharibu maongezi katika baadhi ya vibaraza, kwa hiyo nayaacha hapo.

Risasi hazikuimaliza vita. Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana akimweleza kwamba mapigano pekee ni tone baharini, na kwamba kitakachowaleta watu hawa chini kabisa ni njaa na dhiki. Ikawa ndiyo njia. Vijiji vilichomwa, maghala yakachomwa au kuporwa, mashamba yakaharibiwa yakiwa na mazao, na walioingia msituni wakazuiwa kutoka kupanda msimu uliofuata. Mapigano ya mwisho upande wa Liwale yalikwisha mwanzoni mwa 1907, Abdalla Mapanda alipouawa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyetembea vijijini kuwasikiliza wazee miaka ya 1960, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa pili Wazungu waliokufa ni 15.

Idadi kubwa kabisa kati ya hao hawakufa kwa risasi. Ndiyo ile njaa ya bibi.

Sasa rudi Tendaguru. Mhandisi Sattler anaukuta mfupa 1906, yaani njaa ikiwa juu kabisa, katika nchi ya Wamwera. Kambi inafunguliwa Aprili 1909. Watu waliobaki hawana mbegu, kodi inadaiwa ile ile, na juu ya kilima kuna mzungu anayelipa fedha taslimu kwa kuchimba na kubeba. Sisemi walitekwa kwa bunduki; hapana, walijiandikisha na wakalipwa. Hata sisemi walichukia kazi. Boheti aliipenda, nadhani, maana ustadi wa namna ile hauji kwa mtu anayechukia anachokifanya. Nasema soko la kazi lililomkuta Janensch tayari liliandaliwa na Wangenheim. Na ukitaka sheria, ipo pia: amri ya 1895 ilifanya ardhi yote "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya Taji la Ujerumani, na Tendaguru ikahesabiwa humo. Ukiua watu na kufukuza wengine, ardhi isiyo na mwenyewe huongezeka. Hili ndilo ningelisema bungeni ningekuwa na kiti.

Kuna kiroja kimoja hapa. Wataalamu wamekuwa wakiyachunguza upya mabaki yale na kugundua kwamba baadhi ni ya mijusi wa aina tofauti. Mmoja aliyetajwa 2007 amepewa jina la Boheti, na mwingine, 2019, ameitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa uchimbaji. Kwa hiyo kabila langu lina dinosaria wake rasmi. Nimewauliza vijana kadhaa wa Lindi na hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Mmoja aliniuliza kama ni dawa.

Jambo la ardhi tupu ndilo lililoishi muda mrefu kuliko yote. Nchi ya Wangindo, kaskazini mwa Liwale, ilibaki na watu wachache baada ya 1907. Vichaka vikarudi, mbung'o wakarudi, tembo wakarudi. Waingereza walipokuja wakaunganisha mapori ya wanyama ya Wajerumani na 1922 wakayapa jina la Frederick Selous, mwindaji wao aliyepigwa risasi Beho Beho katika vita ya kwanza ya dunia. Miaka ya 1940 wakaihamisha sehemu ya Wangindo waliosalia, sababu ikiwa malale, na pori likapanuliwa juu ya mashamba yao. Bwana nyama wa Liwale, Ionides, alikuwa mstari wa mbele katika hilo. Pori likafika kama kilomita za mraba 50,000. Dunia ikalisifu kama nyika ambayo mwanadamu hajaigusa, na 1982 likaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Humo ndani kuna miembe. Miembe haijioteshi kwa mistari.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na sina neno baya juu ya hilo. Lakini mkulima wa Liwale au Nachingwea anayelala shambani akipiga debe usiku mzima kufukuza tembo asile mahindi, akiambiwa kwamba yeye ndiye aliyeingilia njia ya tembo, ana haki ya kuuliza nani alitangulia.

Vita ya kwanza ya dunia naipita haraka, ingawa haikutupita sisi haraka. Oktoba 1917, pale Mahiwa karibu na Nyangao, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipigana na majeshi ya Waingereza kwa siku 4. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya waliouawa, kujeruhiwa na kupotea, wengi wao wakiwa askari wa Nigeria na Wahindi. Kila jeshi lilikula chakula cha vijiji lilivyopita na kubeba wanaume wake kama wapagazi. Ilikuwa miaka 10 tu tangu ile njaa.

Mradi wa karanga ndio unaonichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Baada ya vita ya pili, Uingereza ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula, serikali yake iliamua kulima karanga Tanganyika kwa ukubwa usiowahi kuonekana: Kongwa, Urambo, na kwetu Nachingwea. Ulianza 1946 na ukafa 1951, ukiwa umekula pauni milioni 36. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, mvua hazikuja walipozipangia, matrekta yaliyobaki ya vita yakavunjika. Wenyeji waliokuwa wakilima karanga miaka yote hawakuulizwa kitu. Lakini mradi huo ndio uliotupa bandari ya kina ya Mtwara, iliyofunguliwa 1954, na reli ya kwenda Nachingwea. Ndio ulioihamisha pia makao ya jimbo kutoka Lindi kwenda Mtwara, na watu wa Lindi wa umri fulani hawajasamehe.

Ile reli ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapo bendera ilikuwa yetu. Inabidi kulisema, maana ni rahisi mno kumbebesha Mjerumani kila kitu. Daraja la kuvuka Rufiji tulilipata 2003, na kabla yake msimu wa mvua ulikuwa ukiikata Kusini na Dar es Salaam kwa siku na majuma. Kwa miaka 40 na zaidi ya uhuru tulipanda vivuko na kulala Ndundu kwenye matope huku korosho zetu zikiingiza fedha za kigeni. Lakini chaguo la kutojenga halikuanzia hewani. Aliyerithi nchi alirithi pia ramani inayoonyesha wapi pana watu na reli na wapi pana pori, na akaendelea kujenga palipokwisha kujengwa. Vijana wetu walikuwa wamezoea kuondoka tangu zamani, kwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga. Wakaendelea kuondoka.

Nilikuwa naifikiria hiyo historia 2013, Mtwara ilipochafuka kwa ajili ya bomba la gesi. Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa ipelekwe Dar es Salaam. Watu wakagoma, maandamano yakageuka fujo, nyumba zikachomwa, na watu walipoteza maisha, Januari na tena Mei. Magazeti yaliandika kwamba Wamakonde wanataka gesi ya taifa iwe yao, na kwenye daladala za Dar nilisikia mengi mabaya zaidi ya hayo. Sikuunga mkono kuchoma nyumba ya mtu, na bado siungi. Ila sikuona ajabu yoyote. Watu wa nchi ambayo pembe, watu, mifupa, korosho na mataruma ya reli vyote vimepita mlango mmoja kwenda nje, ukiwaambia gesi nayo inapita hapo hapo ila safari hii watafaidi, unahitaji maneno mengi zaidi ya hotuba moja.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano aliyenyongwa 1906, na akaomba msamaha. Nilifurahi, sitanii. Wangoni wamelipigania jambo lao, hasa lile la kudai fuvu la Mbano lirudishwe, na wana makumbusho na siku ya kumbukumbu kila Februari. Kwetu, Liwale na Kilwa, ambako vita ilianza na njaa ikatafuna vibaya, hakukuja mgeni wa hadhi hiyo. Sehemu ya lawama ni yetu. Sisi tulikuwa tumeshughulika na kudai mjusi.

Mpwa wangu, ambaye anafanya kazi ya utalii na hupenda mambo ya kuhesabika, huniuliza: sasa mjomba, wewe unataka nini hasa? Nataka nakala za karatasi. Wajerumani ni watu wa kuandika. Msafara ule uliacha shajara, barua, picha na hesabu, na ofisi za koloni ziliacha ripoti zake kuhusu wilaya ya Lindi. Ziletwe nakala kamili, zitafsiriwe Kiswahili, zikae Lindi na Liwale mahali ambapo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuzifungua bila kibali. Majina ya wachimbaji yaliyomo yachapwe. Ripoti za kuchoma maghala zisomwe pamoja na ripoti za mifupa, kwa mpangilio wa tarehe. Kisha tukae kuzungumza fedha, na katika fedha hizo wakulima wa mpakani mwa pori la Selous wawe na fungu kabla ya jengo lolote la kumweka mjusi. Mpwa anasema hilo halitavutia watalii. Huenda. Yeye anataka jengo liwe na kioo pande zote, na lijengwe Mitwero karibu na barabara kuu, ili mabasi ya Masasi yaweze kusimama.